Hospitali Isiyofiwa

Nchi ya Shwari ipo. Msiulize iko upande gani, maana huko kwenyewe anayeuliza njia huambiwa kwanza aandike barua ya kuomba kupotea, naye hujibiwa baada ya siku tisini. Ina milima miwili, mito mitatu, wizara thelathini na nane, na wananchi wavumilivu ambao hawajawahi kuona foleni wakaacha kujipanga. Katika Wizara ya Afya na Uchangamfu, ghorofa ya nne, chumba kisicho na dirisha, alifanya kazi Bi. Sikudhani Shekue, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwenye miwani mizito, aliyeziamini namba kuliko alivyowaamini watu. Imani hiyo ilimponza, kama mtakavyosikia.

Mambo yalianza pale Mtukufu Mlezi wa Taifa alipobanwa na kifua katikati ya hotuba ya saa tano. Akapelekwa nje ya nchi, akarudi mzima, akalihutubia taifa kwa saa sita. "Ndugu wananchi," alisema, "wamenipitishia uzi mwembamba hapa mkononi, ukatembea mpaka moyoni. Ulipofika palipoziba wakajaza kiputo, mshipa ukafunguka, wakaacha humo kijibomba cha waya usije ukajifunga tena. Na mimi nilikuwa macho, nawasimulia historia ya chama." Wananchi walipiga makofi mpaka viganja vikafa ganzi. Mwaka haukuisha, hospitali nne za Shwari zikapewa kila moja mtambo wake wa kuzibulia mishipa ya moyo.

Miaka miwili baadaye Mlezi akaamka na swali. Ni ipi kati ya hospitali hizo inazibua vizuri kuliko wenzake? Baba wa watoto wanne, alisema, lazima ajue ni yupi wa kujivunia mbele ya wageni. Ukaundwa Ukaguzi Mkuu wa Ubora wa Uzibuaji, na Bi. Sikudhani akateuliwa kuwa Mkaguzi. Pamoja na uteuzi ukatoka waraka wenye vifungu viwili. Cha kwanza kilisema kwamba tangu siku hiyo mgonjwa wa moyo asipelekwe hospitali yoyote mpaka matokeo yatoke, asije akaangukia penye ubora hafifu. Cha pili kilisema kwamba matokeo yakishatoka, wagonjwa wote wapelekwe hospitali ya kwanza peke yake, kwa kuwa taifa linalojiheshimu halimpeleki mwananchi wake kwenye hospitali ya pili wakati ya kwanza ipo.

Bi. Sikudhani aliusoma waraka mara mbili. Nyumbani alikuwa na mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe ni kaka yake, Mahfudhi, fundi bomba. Wazazi wao walipofariki Sikudhani alikuwa na miaka tisa, na Mahfudhi, kijana wa kumi na tisa, alitupa ndoto zake zote akashika spana ili mdogo wake asome. Sasa akipanda ngazi tatu hushika ukuta. Daktari wa kliniki alimwambia kwamba mshipa mkubwa wa mbele ya moyo wake umeziba, umebaki upenyo wa kupita uzi tu, na kwamba ufunguliwe ndani ya wiki sita. Saba, akizidisha sana.

"Basi ndiyo vizuri," alisema Mahfudhi alipoelezwa habari za waraka. "Wenzangu wanakwenda kwa kubahatisha. Mimi mkaguzi ni mdogo wangu. Utakaposema ni hapa, nitakwenda hapo hapo."

"Kaka, wiki sita si nyingi."

"Na wewe kagua upesi. Kukagua kazi ya bomba kuna nini? Unafungua koki, unatazama maji."

Mkewe, Bi. Mwajabu, alikuwa akichambua mchele. Alimtazama wifi yake kwa namna ambayo Bi. Sikudhani hakuweza kuisahau, akasema, "Wifi, huyu ni wako kama alivyo wangu."

*

Fomu ya Ubora ilikuwa na maswali arobaini. Swali la kwanza liliuliza mtambo ulizinduliwa na nani. La pili mpaka la kumi yalihusu picha ya Mlezi: ukubwa wake, urefu kutoka sakafuni, na kama mgonjwa aliyelala chali anaweza kuiona bila kugeuza shingo. Yalifuata maswali ya kwaya, ya maua, ya chai, ya rangi ya mapazia. Bi. Sikudhani alipekua akitafuta koki ya kufungua atazame maji. Aliikuta ukurasa wa mwisho, swali la thelathini na tisa: Mgonjwa aliondokaje? Chini yake palikuwa na visanduku vitatu. Amepona. Anaendelea vizuri. Amejiondoa.

Hapa inabidi nieleze. Shwari hakuna anayefia hospitali ya serikali. Waziri mmoja wa zamani alipoletewa taarifa kwamba wagonjwa hufa alikasirika sana, akasema huo ni utovu wa shukrani. Tangu hapo, anayekata roho kitandani huandikwa amejiondoa, kwa kuwa ameacha huduma bila ruhusa wakati huduma bado inaendelea. Hata ule msemo kwamba mficha maradhi kilio humuumbua ulitolewa katika vitabu vya shule, na mahali pake ikawekwa picha ya tembo.

Bi. Sikudhani alikwenda kwa Katibu Mkuu, Bwana Ngwisa Matipa, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyependa kumshika mtu mkono wakati anamnyima kitu.

"Mheshimiwa, naomba tuongeze swali moja tu. Waliokufa wangapi."

"Bi. Sikudhani, wewe ni mtumishi hodari," alisema Bwana Matipa, akamshika mkono. "Lakini swali hilo lina uchungu ndani yake. Leo tukiuliza nani amekufa, kesho wataanza kuuliza kwa nini. Unaona linavyoelekea?"

Aliona. Akaomba basi ukaguzi uanze kesho yake. Bwana Matipa alisikitika kwa dhati. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, alisema, na hodi ya serikali ni wiki tatu, chokaa kwenye vigogo vya miti ipate kukauka.

Wiki hizo tatu Bi. Sikudhani alizihesabu siku moja moja. Ya kwanza, Mahfudhi aliacha kubeba mfuko wa spana. Ya pili, aliacha kwenda kazini. Ya tatu, alikuwa akila akiwa ameketi wima, maana akiinama kifua kinambana.

*

Siku ya kwanza Bi. Sikudhani na wakaguzi wenzake walikwenda Hospitali ya Mshikamano. Chokaa ilikuwa imekauka vizuri. Kwaya ya wauguzi iliimba beti kumi na nne juu ya mshipa, kisha wakaguzi wakaonyeshwa mgonjwa aliyezibuliwa, mzee mrefu mwenye mashavu manene, aliyeketi kitandani kwa shuka nyeupe.

"Najisikia kijana wa miaka ishirini!" alinguruma mzee, na vioo vya dirisha vikatetemeka.

Bi. Sikudhani aliomba kuona daftari la wagonjwa. Akaambiwa limepelekwa kupigwa pasi.

Siku ya pili walikwenda Hospitali ya Fanaka, mwendo wa saa nne. Kwaya, maua, chai. Mgonjwa aliyezibuliwa aliketi kitandani kwa shuka ya bluu. "Najisikia kijana wa miaka ishirini na mbili!" alinguruma, na Bi. Sikudhani akayatambua yale mashavu.

Wenzake walipokwenda kuonja keki, yeye alibaki nyuma. "Shikamoo mzee. Si tuliagana jana?"

"Marahaba, mama. Tuliagana, ndiyo," alisema mzee bila kuona haya. "Mimi niko kwenye msafara wenu, gari la nyuma. Naitwa Komba. Nilikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya Magereza. Sasa ni Mgonjwa wa Ukaguzi, daraja la kwanza."

"Na wagonjwa wenyewe wako wapi?"

"Wamewekwa kule nyuma kwa wapishi. Wanapumua vibaya, mama, wanawatia wageni simanzi."

Alitaka kumkasirikia akashindwa, maana mzee alikuwa akimsogezea kiti ili akae.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Hospitali ya Ushindi, iliyoko makao makuu, yenye sakafu ya marumaru inayoteleza hata ukiwa umesimama. Mkurugenzi wake, Profesa Lauden Bambaza, aliwaongoza mpaka chumba cha mtambo. Mtambo ulikuwemo, mkubwa, mzuri, umefungwa nailoni kutoka juu hadi chini, na kiunoni una utepe mwekundu. Ulikuwa hivyo tangu ulipofika. Ulimsubiri Mlezi aje auzindue, na Mlezi alikuwa na ratiba ndefu. Kwa wakati ule alikuwa bado anazindua madaraja yaliyojengwa miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Tangu mtambo huu uingie humu," alisema Profesa Bambaza, mkono mmoja juu ya nailoni, "hatujapoteza mgonjwa hata mmoja. Hatujamwaga damu hata tone. Hatujatoboa mshipa kwa makosa, hatujaacha kijibomba mahali pasipo pake, hatujapata lalamiko hata kwa mdomo. Nitajieni hospitali moja duniani yenye rekodi hiyo!"

Wakaguzi walipiga makofi. Bi. Sikudhani aliinua mkono. "Profesa, mmezibua wangapi?"

Profesa alitabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto. "Hilo ni swali la wingi, mama. Nyie mmekuja kukagua ubora."

Siku ya nne walikwenda Hospitali ya Ng'ambo ya Mto. Daraja la kufikia huko lilikuwa tayari, lakini lilikuwa bado halijazinduliwa, hivyo msafara ulivuka chini yake, watu wameshika viatu mikononi. Hawakukuta kwaya. Vigogo vya miti vilikuwa na rangi yake ya asili. Mlangoni alitokea mwanamke mwembamba mwenye barakoa shingoni, akawatazama kama mama anavyotazama wageni waliofika ugali ukiwa bado jikoni.

"Mimi ni Daktari Pili Nyakiamba. Vaeni hizi viatuni au subirini nje. Nina mtu mezani."

"Daktari," alisema mkaguzi mmoja, "waraka unasema wagonjwa wasipelekwe popote."

"Huyu hakupelekwa. Amekuja mwenyewe, kwa toroli."

Mzee Komba naye aliingia, akatafuta kitanda chake. Daktari Pili akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akamwambia, "Mzee, moyo wako ni wa ng'ombe dume. Kitanda hiki kina mwenyewe." Mzee Komba akatoka, akakaa kivulini na dereva. Alisema baadaye kwamba katika utumishi wake wote ndiyo mara ya kwanza daktari kumpima.

Bi. Sikudhani aliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo. Kwenye skrini aliona mshipa, mweusi na mwembamba, na mahali pamoja umekatika kama barabara iliyoliwa na mafuriko. Uzi ukapita taratibu. Kiputo kikajaa, kikapungua. Kisha weusi ule ukatiririka mpaka mwisho, ukajaza vijimshipa vyote, na mama aliyelala mezani akasema kwa mshangao, "Kifua kimeachia." Bi. Sikudhani alivua miwani akaipangusa. Siku nne alikuwa akikagua, na hiyo ndiyo koki ya kwanza aliyoona ikitoa maji.

"Mtambo ulizinduliwa na nani?" aliuliza, maana swali lilikuwa kwenye fomu.

"Na mgonjwa. Alikuwa anakufa mlangoni, nikachana nailoni kwa mkasi."

Halafu Daktari Pili akatoa daftari jeusi, lisilopigwa pasi. Watu mia mbili na kumi na nne walikuwa wamezibuliwa. Kumi na mmoja walikufa, na kila mmoja alikuwa na mstari wake: jina, umri, kilichomuua, na safu ya mwisho iliyoitwa Kosa letu. Mahali pengine iliandikwa "hakuna, alichelewa kufika." Mahali pengine "nilikawia kuona damu." Kulikuwa na mstari ulioandikwa "nilichoka, ningemwita mwenzangu."

"Kwa nini unaandika haya?" Bi. Sikudhani aliuliza. "Unajua yatakavyosomwa."

"Nisipoyaandika nitayarudia," alisema Daktari Pili, akaenda kunawa.

*

Alama zilihesabiwa hivi: kila hospitali ilianza na mia, kisha ikapunguziwa kwa kila aibu. Hospitali ya Ushindi haikuwa na aibu. Ikapata mia. Fanaka na Mshikamano zilikatwa kidogo kwa sababu ya keki. Ng'ambo ya Mto ilikatwa kwa kukosa kwaya, kwa picha ya Mlezi iliyosogezwa kupisha taa, na kwa kuzinduliwa na mtu asiye na cheo. Ikakatwa pia kwa wagonjwa kumi na mmoja waliotajwa kwa lugha isiyofaa. Ikabaki na alama mbili, za usafi wa sakafu.

Bi. Sikudhani aliongeza tanbihi chini ya ukurasa: "Hospitali ya Ushindi haijawahi kuzibua mshipa wowote." Bwana Matipa alimwita.

"Ukurasa huu unaishia kwa saini ya Mlezi," alisema, akamshika mkono. "Tanbihi yako iko chini ya saini. Chini ya Mlezi, Bi. Sikudhani, anaweza kuwepo mtu?"

"Basi tuiweke juu, Mheshimiwa."

"Juu ya Mlezi?"

Akafungua kabati. Ndani kulikuwa na fulana zimepangwa mpaka juu, na kila moja imeandikwa kifuani USHINDI YA KWANZA. Zilikuwa zimechapwa miezi miwili kabla ya ukaguzi, rangi ipate kushika.

"Sitii saini," alisema Bi. Sikudhani. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Usitie. Hakuna wa kukulazimisha, hii ni nchi huru. Ila usipotia, matokeo hayatoki. Yasipotoka, kifungu cha kwanza kinaendelea, na hakuna mgonjwa atakayekwenda popote." Akafunga kabati. "Nasikia nyumbani una mgonjwa. Pole sana."

Ilikuwa wiki ya tano. Bi. Sikudhani alipiga hesabu kwa haraka, hesabu za mtu aliyezoea namba. Akitia saini, njia inafunguka. Njia ikifunguka, nani atamwona fundi bomba mmoja akivuka chini ya daraja kwenda upande usiotakiwa? Akachukua kalamu akatia saini kurasa zote kumi na moja, kwa mwandiko wake mzuri aliofundishwa na Mahfudhi juu ya mchanga wa uani.

*

Waliondoka asubuhi ya pili yake, yeye, Mahfudhi na Bi. Mwajabu. Kuvuka mto Mahfudhi alibebwa mgongoni na mvuvi wa kambare, akiona aibu na kucheka papo hapo. "Ripoti yako inasemaje?" alimuuliza mdogo wake.

"Inasema Ushindi."

"Mbona tunakwenda kwingine?"

"Nimefungua koki, kaka."

Mahfudhi akatikisa kichwa, ameridhika.

Uani pa hospitali walikuta lori limerudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni. Wapagazi walikuwa wakipandisha mtambo, umefungwa nailoni mpya na utepe mwekundu. Daktari Pili alisimama pembeni, mkoba miguuni. Zawadi ya mshindi wa kwanza, alieleza, ni mtambo wa aliyeshika mkia. Yeye mwenyewe alikuwa amepangiwa mafunzo ya uchangamfu, miezi sita, kwenye kambi ya mlimani.

"Daktari, huyu ndiye kaka yangu," alisema Bi. Sikudhani.

Daktari Pili hakumtazama yeye. Alimshika Mahfudhi mkono, akahesabu mapigo ya moyo, akatazama kucha zake. Kisha akatazama lori. "Jana asubuhi," alisema polepole, "mngenikuta na mtambo. Jana asubuhi ningempandisha mezani."

Jana asubuhi ndipo saini zilipokauka. 

Mahfudhi alikuwa akichungulia ndani ya chumba kitupu. "Wamefungua vibaya," alisema kwa masikitiko ya fundi. "Tazameni. Wamekata mabomba badala ya kulegeza nati. Huu hautafanya kazi tena."

Kabla ya kupanda gari la kambini Daktari Pili alitoa lile daftari jeusi akampa Bi. Sikudhani. "Kule wataniambia nilichome. Wewe ni mkaguzi, kaa nalo." Kisha akamwambia Mahfudhi, "Mzee wangu, Fanaka na Mshikamano wameshafungiwa kwa kifungu cha pili. Mfuate mtambo. Ule wa kule ni mzima. Huenda mwenye mkasi akapatikana."

*

Hospitali ya Ushindi walimpokea kwa shangwe. Alikuwa mgonjwa wa kwanza tangu matokeo yatoke, akapewa kitanda namba moja na fulana. Mitambo sasa ilikuwa miwili, imesimama ubavu kwa ubavu ndani ya nailoni. Profesa Bambaza alitangaza kwamba Mlezi amekubali kuacha madaraja kwa siku moja. Atakuja baada ya siku kumi na nane kukata utepe, na mgonjwa wa kwanza kuzibuliwa atakuwa Ndugu Mahfudhi Shekue. Jina lilikuwa limeshapigwa chapa kwenye kadi.

"Hana siku kumi na nane, Profesa," alisema Bi. Sikudhani.

"Mama, hii ndiyo hospitali bora nchini. Wewe mwenyewe ndiwe uliyethibitisha."

Siku ya tatu Bi. Sikudhani alikuja na mkasi wa Bi. Mwajabu wa kukatia vitambaa, ameuficha ndani ya kanga. Alifika hadi kwenye utepe. Askari wa mlangoni alimshika kwa heshima, akamnyang'anya mkasi, akamwandikia hati ya kuupokea. Hata kama angekata, nani angeushika ule uzi? Daktari pekee wa Ushindi aliyewahi kusomea kazi hiyo alikuwa amefanywa kiongozi wa kwaya, na mikono yake, alimwambia Bi. Sikudhani kwa sauti ya chini, ilikuwa imesahau.

Kila asubuhi saa nne palikuwa na mazoezi ya uzinduzi. Mgonjwa alitakiwa kuinuka kidogo, kupiga makofi matatu na kusema, "Ahsante Mlezi, kifua kimeachia." Mahfudhi alifanya kama alivyoambiwa, maana hakutaka kumletea mdogo wake matatizo kazini.

"Sikudhani," alimuuliza mdogo wake siku moja, "hii si ndiyo namba moja?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi mbona hawafungui?"

Bi. Sikudhani alishika upande wa kanga yake. Alimpangusa jasho, na jasho likatoka tena.

Alhamisi, siku ya kumi na moja, saa nne na robo, Mahfudhi aliinuka kwa mazoezi. Akapiga kofi la kwanza. Akapiga la pili. La tatu viganja havikukutana.

Bi. Sikudhani alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wauguzi walikuja mbio, wakafanya waliloweza, wasichana wema waliofundishwa kuimba. Ilipokwisha, karani wa wodi alikuja na fomu na kalamu. Amepona, anaendelea vizuri, amejiondoa.

"Amekufa," alisema Bi. Sikudhani. "Andika amekufa."

"Mama," alisema karani, karibu kulia naye, "tafadhali, hapa ni hospitali."

*

Matanga yalikuwa siku ya tatu ilipoletwa barua. Ilikuwa imeandikwa kwa marehemu. Wizara ilisikitishwa na kitendo cha Ndugu Mahfudhi Shekue kujiondoa bila taarifa wakati taifa limempa heshima ya kuwa wa kwanza, na ilimtaka aripoti kitandani kwake siku ya uzinduzi bila kukosa. Bi. Mwajabu aliomba asomewe. Aliposomewa aliuliza kama wanataka wamfukue. Waombolezaji waliinamisha vichwa, na mmoja wao akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, wakalia wote upya.

Siku ya uzinduzi Mkaguzi alipangiwa kiti mstari wa mbele, na gari lilitumwa kumchukua. Mlezi alihutubia kwa saa tatu, akakata tepe mbili kwa mkasi ambao Bi. Sikudhani aliufahamu. Pazia likafunguliwa. Kwenye kitanda namba moja, kwa shuka nyeupe na fulana, aliketi mzee mrefu mwenye mashavu manene.

"Jina lako nani, ndugu yangu?" aliuliza Mlezi mbele ya redio ya taifa.

"Mahfudhi Shekue, fundi bomba!" alinguruma Mzee Komba, na taifa zima likasikia. Akapiga makofi matatu. "Ahsante Mlezi, kifua kimeachia!"

Ukumbi ulisimama. Watu wa mstari wa mbele walimgeukia Bi. Sikudhani wakamshika mikono, mmoja baada ya mwingine. Hongera, kaka yako amepona. Hongera sana. Bwana Matipa ndiye aliyemshika kwa muda mrefu kuliko wote. Bi. Sikudhani alisimama pale, mikono yake ikipokelewa na kuachwa, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alitamani kuamini.

Alasiri Mzee Komba alibisha hodi nyumbani kwa Bi. Sikudhani. Alikuwa amevua fulana, ameshika kofia mkononi, na sauti yake ilikuwa ndogo ajabu.

"Nimekuja kukupa pole, mama. Jina nilijizoeza wiki nzima, nisije nikalikosea. Nililitaja vizuri?"

"Ulilitaja vizuri, mzee. Kaa."

Alikaa. Bi. Sikudhani alileta daftari jeusi, akalifungua mezani penye majina kumi na moja. Akaandika kwa mwandiko ule ule wa mchanga wa uani: kumi na mbili, Mahfudhi Shekue, miaka hamsini na mitatu. Kilichomuua: mshipa mkubwa wa mbele. Alipofika safu ya mwisho kalamu ilisimama sana. Kisha akaandika maneno mawili, akaweka kalamu chini.

Macho ya Mzee Komba hayakuona maandishi madogo. Akaomba asomewe.

"Kosa letu," alisoma Bi. Sikudhani. "Nilitia saini."

Mzee Komba aligeuzageuza kofia yake magotini. Huko nje redio ya jirani ilikuwa ikirudia habari za saa kumi, na sauti yake mwenyewe ikapita dirishani, nene, yenye afya, ikitaja jina la mtu mwingine. Alingoja mpaka ikaisha. Halafu akauliza kama katika mstari ule kuna nafasi ya mtu wa pili.

"Ipo, mzee," alisema Bi. Sikudhani, akamsogezea daftari. "Na kurasa zimebaki nyingi."